Bega Lisilouma

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa fupi, na kila mstari wake ulinipandisha presha. Ilisema kwamba katika vipindi vinane vya kwanza nilimkanda mgonjwa bega la kushoto. Kisha, kuanzia cha tisa hadi cha kumi na moja, nikamkanda bega la kulia, kwa rufaa ile ile na kadi ile ile, bila neno la maelezo. Kwa sababu hiyo madai yangu yote yalikuwa yamesimamishwa. Daktari wa Bima angekuja kituoni Alhamisi saa kumi alasiri. Mgonjwa awepo, na faili lake liwepo.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikampa shangazi yangu naye aisome. Yeye ndiye mapokezi, ndiye mtunza mafaili, na ndiye mtu pekee anayethubutu kunisema ndani ya kituo changu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena.

"Mgonjwa mwenyewe si yule wako?"

"Sina wangu hapa, shangazi. Wote ni wagonjwa."

"Haya," akasema, na hiyo haya yake ilikuwa na maneno mengi ndani.

Mgonjwa huyo alikuwa Mpimaji, na sitawaficha: mpaka siku barua ile inafika nilikuwa nimekwisha kumpenda. Kazi yake ni kupima viwanja. Kutwa hubeba chombo chake cha miguu mitatu begani, juani na kwenye matope, na bega hilo ndilo lililomleta kwangu akiwa hawezi hata kuchana nywele zake. Mtu mrefu, mpole, anayefikiri kabla ya kusema. Siku ya kwanza alipolala kifudifudi kwenye kitanda changu na kuuliza kwa sauti ndogo kama itauma, nilimwambia itauma. Akacheka, akasema angalau nimemwambia ukweli. Nadhani niliingia mapenzini siku hiyo, ila nilijifanya hamnazo.

Tena nina sheria yangu, sijaiandika ukutani lakini naifuata kuliko zile zilizoandikwa. Mtu ambaye faili lake liko wazi kwangu, simtazami kwa jicho lingine. Sinywi naye chai, simpi namba yangu ya simu, hata akinisifia gauni naitikia asante na kumwambia ageuze shingo. Kazi yetu ina maneno mengi mabaya nyuma yake. Bado wapo wanaosikia neno masaji wakakonyezana. Ilinichukua miaka miwili kuandikiana na kampuni ile mpaka wakaniweka kwenye orodha yao ya watoa huduma, na sasa watu saba katika kila kumi wanaopanda ngazi zangu wanakuja na kadi yake. Nikitolewa kwenye orodha, vyumba vyangu viwili juu ya duka la rangi vitabaki na mimi, shangazi na harufu ya rangi.

Ndiyo maana, Alhamisi ile, nilifika mapema, nikatandika shuka safi, nikalitoa faili la Mpimaji na kuliweka mezani peke yake. Sikuhitaji kulifungua. Nilijua kilichomo, na nilijua jambo moja ambalo halimo.

Saa tisa, saa nzima kabla ya muda, nilisikia hatua zake kwenye ngazi. Nyuma yake kulikuwa na hatua nyingine, nzito na za taratibu. Alikuwa amekuja na mama yake.

Mama yake ni metroni mstaafu wa hospitali. Sikuwa nimemwona hata mara moja lakini nilikuwa nimemsikia sana, maana mwanawe akilala pale kitandani humtaja katika kila hadithi. Aliingia na mkoba wake kifuani, akatazama kitanda, akatazama mikunjo ya shuka kwenye kona, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha na kukikagua. Nilimwamkia shikamoo. Akakaa kwanza, akapanga mkoba magotini, ndipo akaitikia marahaba, kwa shingo upande.

Mpimaji alibaki amesimama karibu na mlango. Hakunitazama usoni. Alikuwa akitazama ule mchoro wa mifupa ulio ukutani kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Mama hakuzunguka. Alisema amesikia habari za barua, kwamba mwanawe naye ameitwa, na kwamba yeye, mwenye miaka thelathini na moja wodini, anajua mambo haya yanavyomalizwa. Mgonjwa amelala kifudifudi, mkandaji amesimama upande wa kichwa, kushoto kunakuwa kulia na kulia kunakuwa kushoto. Wauguzi wake mwenyewe walikuwa wakikosea hivyo, akawafunza, wakaacha. Hakuna wa kushangaa. Niandike tu kwamba kalamu iliteleza, kwamba bega lilikuwa lile lile la kushoto siku zote, na Daktari wa Bima atapiga mhuri aende zake.

"Na usipoandika hivyo," akaendelea, "watasema mwanangu ametumia kadi kwa uongo. Kadi itafungwa. Mimi niko kwenye kadi hiyo, binti. Jumatatu naingia chumba cha upasuaji. Jicho langu linakwisha. Nimesubiri miezi saba kupata hiyo Jumatatu."

Nilimwangalia lile jicho. Lilikuwa na ukungu kweli, na alikuwa akiinamisha kichwa kidogo ili anione kwa lile lingine. Moyo uliniuma. Mimi si jiwe.

Kisha akaharibu.

"Ukishamaliza kuandika," akasema, "wewe na mwanangu basi. Msidhani sijui. Mtu mzima na akili zake anaamka alfajiri kupiga pasi shati la kwenda kukandwa. Sikumlea ili aje kuoa mikono inayoshika kila mgongo unaopanda ngazi."

Kule mapokezi nilisikia kiti cha shangazi kikisogea. Mlango wa katikati ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita, na yeye hakuwa na haya ya kujificha.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya yule mama, magoti kwa magoti, kama ninavyokaa na mgonjwa anayeogopa kunionyesha panapouma. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu mimi hainipi kelele, inanipa utulivu.

"Mama, umefanya kazi wodini miaka thelathini na moja."

"Na miezi minne."

"Umeosha migongo mingapi?"

Akavuta mkoba karibu na tumbo.

"Umegeuza wanaume wangapi kitandani wasipate vidonda? Umewakanda miguu wangapi, umewashika wangapi kwapa ili wasimame? Ulipoolewa, yupo aliyekuuliza mikono hiyo imeshika nini?"

Akaitazama mikono yake mwenyewe. Mpimaji alikuwa ameacha kutazama mifupa. Sasa alikuwa akinitazama mimi, na ningeomba dunia isimame kidogo nipate kuutazama uso ule bila hasira, lakini nilikuwa bado sijamaliza.

Nikamweleza mama yule jinsi ninavyofanya kazi, kwa sababu alistahili kuelezwa na mtu wa fani. Kosa la kuchanganya pande nalijua. Niliwahi kulifanya mara moja, nikiwa mwanafunzi, nikamkanda bibi wa watu goti zima nikaliacha bovu. Sikulala siku tatu. Tangu siku hiyo nina desturi yangu. Kabla mgonjwa hajalala, nakata kipande cha plasta, nampa mkononi, namwacha akibandike mwenyewe mahali panapouma. Siulizi kushoto wala kulia. Nafuata plasta. Na mkono wangu unaposhika kalamu kuchora mviringo kwenye picha ya mwili iliyo kwenye fomu, plasta bado ninaiona.

"Kwa hiyo kalamu yangu haikuteleza," nikasema. "Kipindi cha tisa plasta ilikaa bega la kulia. Aliyeibandika yuko nyuma yako."

Mama aligeuka pole pole. Mtu mzima, mpimaji wa ardhi ya watu, anayegombana na wenzake kwa ajili ya unene wa kidole, alikuwa amesimama pale ameinamisha kichwa kama aliyeshikwa akiiba sukari.

"Niseme?" akaniuliza.

"Mimi sijakuzuia."

Akasema bega lilipona kipindi cha nane. Aliamka siku moja akanyoosha mkono juu kufungua dirisha, akasubiri maumivu, hayakuja. Alipaswa kufurahi. Badala yake alikaa kitandani akahesabu vipindi vilivyobaki kwenye kibali cha bima, vinne, akaona bado ana mara nne za kuniona. Halafu kazi ikampeleka mbali wiki mbili. Aliporudi alipanda ngazi mbio mbio, na nilipompa plasta mkononi akasahau ni bega lipi lililokuwa likimuuma.

Kule mapokezi shangazi aliachia kicheko, akakizima kwa kukohoa.

"Ulisahau," nikasema.

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Unapima viwanja vya watu na unasahau bega lako?"

"Viwanja havinitazami hivyo," akajibu.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na taulo. Nikamuuliza ana akili za wapi, kwa nini hakusema tu kwamba amepona. Akasema ningefunga faili, na faili likifungwa hana sababu ya kuja tena.

"Faili likifungwa," nikamwambia, "ndipo ungekuwa na sababu. Mimi sitoki na mtu ambaye faili lake liko wazi. Ungesema umepona, Mpimaji, ningekupa namba yangu ya simu siku hiyo hiyo."

Akaniangalia mdomo wazi. Nilimwona akizihesabu zile wiki, moja moja, na kila moja ikimuuma.

"Hukuniambia," akasema.

"Sikukwambia."

Na hapo ndipo nilipofika kwenye lile jambo lisilokuwa ndani ya faili. Kipindi cha tisa, plasta ilipokaa kulia, nilimuuliza, "Huku?" Akasema huku huku. Nikaweka mikono. Mikono yangu haihitaji kuambiwa. Misuli ilikuwa laini kutoka shingoni mpaka chini ya mfupa wa bega, haina fundo hata moja, na ule upande wa kushoto nao ulikuwa umepona kabisa. Nilijua kabla sijamaliza dakika tano. Niliandika kwenye faili kwa uaminifu kwamba mgonjwa anasema anaumwa na kwamba sikuona kitu. Lakini sikumwambia avae shati aende. Nilimkanda saa nzima, wiki ile na wiki mbili zilizofuata, bega lisilouma, kwa sababu nilitaka aje tena. Yeye alidanganya kwa mdomo. Mimi nilidanganya kwa kunyamaza, na nilisaini.

Nilimwambia mama yake yote hayo. Aliyasikiliza mkoba ukiwa kifuani tena.

"Sasa utafanya nini?" akauliza. Ile sauti ya metroni ilikuwa imepungua.

"Nitasema yangu. Mwanao sitamshtaki. Sitasema nimeteleza, kwa sababu sikuteleza, na wakishaandika kwamba huyu ni mkandaji asiyejua kushoto na kulia, hakuna mgonjwa atakayelala hapa akaniamini. Jicho lako linanihuzunisha, mama. Lakini jina langu siliuzi kwa ajili yake."

"Hata nikikuomba kwa magoti?"

"Hata ukiniomba kwa magoti nitakuinua na kukukalisha."

Alinikazia lile jicho zima. Sijui aliona nini. Hatukusema tena, maana shangazi aligonga mlango uliokuwa wazi na kutangaza kwa sauti ya kiofisi ambayo huwa haitumii kwamba Daktari wa Bima amefika.

Nilikuwa nimemtarajia mtu mkali. Alikuwa mtu mzima mwembamba, amechoka, ana fundo la misuli shingoni upande mmoja ambalo niliona kabla hata hajakaa. Akaomba maji. Akalifungua faili la Mpimaji na kulisoma ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole. Akamwita Mpimaji, akamwambia anyooshe mikono juu, aishushe, aizungushe. Mikono yote miwili ilikwenda vizuri. Kisha akaketi, akaweka kalamu juu ya karatasi yake, akanigeukia kwa upole ulionitisha kuliko ukali.

"Nimekagua wakandaji wengi," akasema. "Hili la kuchanganya pande linatokea. Nikiandika kwamba ni kosa la mkono, wewe utapata onyo, mwaka mmoja fomu zako zitasainiwa na mkandaji mwingine juu yako, na mambo yataisha hapa. Niandike hivyo?"

Nilimsikia mama akivuta pumzi na kuishika. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na trei ya bilauri, na uso wake ulikuwa ukiniambia kitu ambacho sikutaka kukisoma. Njia ilikuwa mbele yangu, nyeupe. Ningeitikia kwa kichwa tu. Mama wa watu angepata jicho lake, mwanawe angebaki na kadi yake, mimi ningebaki kwenye orodha. Na kila asubuhi mtu mwingine angekaa juu yangu akisaini kwamba leo nimejua kushoto kwangu.

"Hapana," nikasema. "Usiandike hivyo. Mkono wangu haukukosea."

Nikamweleza habari ya plasta. Nikamwonyesha nilichoandika kipindi cha tisa, cha kumi na cha kumi na moja, kwamba sikuona kitu. Akasoma, akaniuliza kwa nini basi niliendelea, na kwa nini niliipelekea kampuni fomu tatu za tiba ambayo mikono yangu ilijua haihitajiki.

Hili ndilo swali nililokuwa nikilikimbia siku zote tangu barua ifike.

"Kwa sababu nilimpenda," nikasema. "Nilitaka aendelee kuja. Fomu hizo tatu nazifuta, silipwi hata moja. Ulichokuja kukagua ni hicho. Kosa langu ni kwamba sikufunga faili kipindi cha nane. Niadhibu kwa hilo. Kwa hilo la pande usiniguse."

Masikio yalikuwa yakiniwaka. Sikuinamisha kichwa, ingawa kila kitu mwilini kiliniomba niinamishe. Nilimtazama Daktari machoni mpaka yeye ndiye akatazama karatasi yake.

"Na mgonjwa?" akauliza. "Kipindi cha tisa alikuwa anaumwa au haumwi?"

Nilikuwa nimemwahidi mama yule, na ahadi yangu si ya maneno matupu. Nilijibu kwamba mimi naweza kusema mikono yangu ilikuta nini, kile kilichokuwa kichwani mwa mgonjwa sikijui.

"Nakijua mimi," akasema Mpimaji.

Alikuja mpaka mezani. Mama yake alimshika kiwiko. Yeye akautoa mkono ule taratibu, akaushika ndani ya wake, na akasema huku ameushikilia. Kwamba alidanganya. Kwamba bega la kulia halijawahi kumuuma maisha yake yote. Kwamba mkandaji alifuata plasta, na plasta aliibandika yeye, na kama kuna kadi ya kufungwa ni yake. Akageuka kwa mama yake.

"Mama, nisamehe. Nikikaa kimya leo akasimama peke yake, nitakuwa nimemtia aibu mwanamke ambaye nataka kukuletea nyumbani. Jicho lako nitalihangaikia kwa njia nyingine. Nitauza hata chombo cha kazi."

"Usiuze chombo cha kazi," mama akasema, haraka, kama anayemwambia mtoto asiguse jiko. Kisha akatazama pembeni. Jicho zima lilikuwa limelowa kama lile bovu.

Daktari wa Bima hakuonyesha kwamba amesikia lolote la moyo. Aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alitusomea: fomu tatu zimefutwa. Mtoa huduma anatolewa kwenye orodha miezi mitatu kwa kutofunga faili kwa wakati, bila dosari yoyote ya kitaalamu. Mwenye kadi atarudisha gharama, na suala lake litapelekwa kwenye kamati.

"Kamati inakaa lini?" mama akauliza.

Daktari akafunga kalamu yake. "Mwisho wa mwezi. Na hata ikikaa, onyo la kwanza ni la mwenye kadi. Halimgusi mtegemezi." Akamtazama lile jicho kwa sekunde moja, jicho la daktari kwa mgonjwa. "Nenda Jumatatu, mama. Usile kitu asubuhi."

Mama alifunika uso kwa viganja. Shangazi aliweka trei chini, akaenda kumkalisha vizuri, na wale wanawake wawili ambao saa moja nyuma wasingesalimiana walibaki wameshikana mabega. Mimi nilikuwa nimesimama na miezi mitatu kichwani. Miezi mitatu ya watu saba katika kumi. Nitawaandikia mmoja mmoja, nitakwenda kuwakanda wazee majumbani, nitakodisha chumba kimoja nibaki na kingine. Lakini bila dosari yoyote ya kitaalamu. Hilo liliandikwa, na limesainiwa.

Daktari akasimama, akajishika shingo pale penye fundo. Nilimwambia aje, bila kadi, nitamtoa fundo hilo kwa dakika ishirini. Akasema haruhusiwi. Nikasema najua.

"Kuna kimoja kimebaki," akasema, akinisogezea faili. "Halijafungwa. Siwezi kuondoka nalo likiwa wazi."

Nikakaa. Nikashika kalamu. Mpimaji alisogea mpaka upande wa pili wa meza, akasimama hapo, na wote walikuwa wakitazama mkono wangu: daktari, shangazi, na mama yake kwa lile jicho moja. Kwenye sanduku la hali ya mgonjwa niliandika Amepona. Chini yake kuna mstari wa maelekezo. Niliandika kwa herufi kubwa ili hata mama asome: Asirudi kwa kadi. Nikasaini, nikaweka tarehe na saa, nikalifunga.

Mpimaji alisoma kichwa chini miguu juu, kutoka upande wake wa meza. Uso wake uliponyanyuka ulikuwa umejaa hofu.

"Na bila kadi?" akauliza, mbele ya mama yake.

Nilimtazama kwa jicho lingine, kwa mara ya kwanza, bila haraka.

"Bila kadi," nikasema, "nafunga saa kumi na mbili."